Gari la spoti lililotembea sana: lipi ununue ukiwa Dodoma

Toyota Altezza yangu ilikuwa inasoma kilomita 142,000 siku nilipokabidhiwa funguo, mwaka 2016. Sasa inasoma zaidi ya 268,000, na nyingi kati ya hizo zimepatikana kati ya Nkuhungu na Mtumba, kwenda kazini na kurudi, pamoja na safari za Dar es Salaam na Singida. Kwa hiyo vijana wa ofisini wanaponiuliza wanunue gari gani la spoti la mkononi, sianzi na nguvu za farasi wala muonekano. Nauliza hivi: likifa Jumatatu, fundi wa hapa Dodoma atalifungua bila kubahatisha, na spea yake itapanda basi la usiku kutoka Kariakoo ikafika Jumanne asubuhi? Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo.

Mji wetu nao una mambo yake. Uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi. Kiangazi, vumbi la Ilazo na Swaswa linaingia kila mahali, hivyo ea klina tunaifungua kila kilomita 5,000 bila kusubiri kitabu kinasemaje. Jua linakausha bushi, mabomba ya rejeta na lastiki za milango. Lakini adui mkubwa ni maji. Maji ya visima vya Mzakwe yana chumvi. Aliyewahi kuchemsha chai hapa anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huohuo unajengeka ndani ya rejeta.

Mwaka wangu wa pili na Altezza, fundi mmoja alijazia maji ya bomba nikiwa nimesimama pembeni, na sikusema neno. Miezi michache baadaye gari lilichemsha kabla sijafika Gairo. Silinda hedi ilipinda, ikabidi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine, nami nikapanda daladala wiki tatu. Tangu hapo linaingia kulanti tu, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na dumu la akiba halitoki kwenye buti.

Namba moja naiweka Toyota Mark X ya umbo la pili, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2009, yenye injini ya lita 2.5. Nasema hivyo nikiwa na Altezza nyumbani. Wapo watakaosema hilo ni gari la mzee wa ofisi. Lakini linasukumwa na matairi ya nyuma, lina silinda 6 na gia 6 za otomatiki, na bushi zikiwa nzima linatulia kwenye kona kuliko magari mengi yenye spoila. Kilichonishawishi zaidi ni petroli. Umbo la kwanza, lile la 2004 hadi 2009, liliundwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, ile isiyolipuka ovyo ikibanwa ndani ya silinda. Kwenye umbo la pili Toyota waliirekebisha injini hiyohiyo ya 4GR-FSE itumie petroli ya kawaida, nguvu zikashuka kutoka 215 hadi 203. Hizo farasi 12 hutazihisi. Utakachokihisi baada ya miaka mitano ni injini ambayo haikulazimishwa kula kisicho chakula chake. Ile ya lita 3.5 yenye nguvu 318 ni tamu kwelikweli barabara ya Singida, ila inarudi kudai oktani ya juu, na pampu utaizoea.

Mark X haina taimingi belti, ule mkanda unaozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati; ina cheni, na cheni hudumu sana ikipata oili safi. Ugonjwa wake ni masizi. Petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haiziogeshi valvu za kuingiza hewa. Masizi yanajengeka juu yake mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Dawa ni kuvua manifodi na kuzisafisha valvu, kazi ya fundi mvumilivu. Kwa gari lililovuka kilomita 150,000, ihesabu kazi hiyo ndani ya bei wakati wa kupatana. Chungulia pia wateapampu: alama ya kulanti iliyokauka pembeni yake inatosha kukuambia ina muda gani.

Altezza ni ya pili. Ilitoka kiwandani kati ya 1998 na 2005, ikashinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani msimu wa 1998–1999, na hata ile ya mwisho kabisa sasa imetimiza miaka 20. Kuna za aina mbili. Ya silinda 6, 1G-FE yenye nguvu 160, ni pole na haina makuu. Ya silinda 4, 3S-GE, ikiwa na gia 6 za mkono ina nguvu 210, na ndiyo hasa gari la spoti. Hapo dalali atakuambia, "3S hiyo, spea zake zimejaa." Usimkubalie. 3S iliyojaa mitaani ni 3S-FE, na hedi yake ni nyingine kabisa. Ukifunga vifaa vya hii kwenye ile utalia.

Zote mbili zina taimingi belti. Mimi nabadilisha kila kilomita 80,000 ingawa inatarajiwa kufika 100,000, kwa sababu ya vumbi na joto letu. Kitu kingine cha kukagua bila huruma ni boljointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoshikilia magurudumu. Barabara mbovu zinazimaliza, na ikichomoka gurudumu linalala ukiwa mwendoni. Mwambie fundi ainue gari atikise gurudumu mbele ya macho yako. Faida ya Altezza ni kwamba Ulaya iliuzwa kama Lexus IS200, hivyo spea zake zisipopatikana kwa jina moja zitapatikana kwa jina la pili. Hii nunua ya mkononi hapahapa nchini, usiiagize: gari lililozidi miaka 10 Mamlaka ya Mapato, TRA, hulitoza kodi ya uchakavu ya asilimia 30, juu ya kodi nyingine zote.

Ya tatu ni Subaru Impreza WRX, ingawa moyo wangu ungeiweka ya kwanza. Turbo yake inaibana hewa yetu nyepesi, kwa hiyo mwinuko wa Dodoma hauisumbui kama magari mengine, na mvua za Januari zikiloanisha barabara za mtaani, magurudumu manne yanayovuta pamoja ni baraka. Mafundi wa Subaru wapo. Tatizo liko kwenye mikono ambayo gari limepitia.

Injini yake ya EJ20 imelala, pistoni mbili kila upande, hivyo ina hedi mbili. Likichemsha, unafungua mbili na kununua gasketi mbili. Belti moja inazungusha kamshafti 4 na wateapampu, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Ndiyo maana belti, tenshena, rola zake na wateapampu vinabadilishwa siku moja. Anayekuambia ubadilishe belti peke yake anakuokolea shilingi akupotezee injini. Kijiti cha oili kichomoe kila unapoweka mafuta, maana oili ikishuka, beringi za krenki ndizo zinalipa. Ukitoka safari ya mbali, iache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima, turbo ipoe. Na matairi manne lazima yalingane ukubwa na ulaji. Tabia yetu ya kununua tairi moja moja inaua difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. WRX iliyofungwa ekzosti kubwa na kuongezwa busti, yaani msukumo wa turbo, na mwenyewe hawezi kukueleza nani aliipima na lini, iache iende zake.

Nissan Fairlady Z ya 2002 hadi 2008 naiweka ya nne. Injini yake ya VQ35, lita 3.5 na cheni, ni ngumu, na kwa kuwa Nissan Murano inatumia injini ya familia hiyohiyo, baadhi ya spea hazisumbui. Bodi na miguu ndiyo shida, kila kitu cha kuagiza. Halafu ni ya watu wawili, iko chini, na matuta yetu hayana kipimo.

Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, zilizoanza 2012, ni ya tano kwa sababu moja tu: bado ni ngeni kwa mafundi wa hapa. Kwa uendeshaji haina mfano kwenye orodha hii. Ukiipata ya 2012 au 2013, peleka chesisi namba ikaguliwe kama springi za valvu zilibadilishwa. Watengenezaji waliyaita magari hayo mwaka 2018 kwa kasoro hiyo.

Mazda RX-8 ni ya mwisho, na sitakudanganya kwa sababu ni nzuri. Injini yake ya lita 1.3 haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka, na imeundwa ichome oili kidogo kila inapofanya kazi. Joto linamaliza sili za kwenye ncha za rota. Zikichoka, injini ikiwa ya moto haiwaki. Kuiwasha dakika moja ili uisogeze uani kunaweza kuilowesha plagi ikagoma kuwaka. Hata kupima komprasheni yake kunahitaji kipimo maalumu. Ikifika kilomita 100,000 bila kufunguliwa, anza kuweka pesa ya injini.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha gusa boneti. Likiwa la moto, ameficha namna linavyowaka asubuhi. Fungua kizibo cha oili utazame utelezi mweupe, fungua cha rejeta utazame kutu na ukoko. Namba za dashibodi usizitegemee: gari la namba C linalosoma kilomita 80,000, tazama usukani, pedeli ya breki na kiti cha dereva vinasema nini. Kisha panda nalo kilima cha Chimwaga kuelekea UDOM, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, saa nane mchana, jicho kwenye geji ya joto. Mwenzako afuate nyuma na gari lake aangalie moshi; wa bluu ni oili. Mwisho linganisha chesisi namba na kadi, na ukague deni la faini za trafiki, kwa sababu gari la spoti na tochi za Kibaigwa ni marafiki wa siku nyingi.

Pesa yako isiishe kwenye kununua. Bakiza angalau asilimia 20 ya bei kwa ajili ya oili ya injini na ya gia, filta, plagi, breki, kulanti na belti kama ipo, vyote vifanyike mwezi wa kwanza, hata kama muuzaji ameapa vilifanyika juzi.

Na nunua daftari. Langu la kwanza lilijaa mwaka 2021, la pili liko katikati: tarehe, kilomita, spea gani, mpya au mtumba, imefungwa na nani. Ukikutana na muuzaji mwenye daftari la namna hiyo, hata kama gari lake limetembea kuliko mengine yote uliyoyaona, mwongezee bei umalizane naye siku hiyohiyo.