Nakala ndogo za mayai ya Fabergé: bati au fedha?

Kuanzia 1885, karakana ya sonara Carl Fabergé iliitengenezea familia ya kifalme ya Urusi mayai ya mapambo ya Pasaka yapatayo 50. Sisi wengine tunabaki na nakala za kukaa kiganjani.

Zile za bati humiminwa kwenye kalibu, zikapakwa rangi na kubandikwa vioo vya kumetameta. Bei inabebeka, na nakala ya yai la Kutawazwa la 1897 mara nyingi huja na kigari chake ndani. Ila kagua bawaba kabla ya kulipa. Nyingi hulegea mapema.

Za fedha ni habari nyingine kabisa. Fundi huchonga mawimbi membamba kwenye fedha yenyewe, hutandaza unga wa kioo chenye rangi, huuchoma tanuruni, kisha hurudia tabaka kwa tabaka. Ligeuze yai taratibu karibu na dirisha: mawimbi yanatembea chini ya rangi kama maji ya kina kifupi. Huo ndio uzuri wa Fabergé hasa, na rangi ya kupaka haiufikii. Likianguka sakafuni, enameli, yaani kioo hicho kilichochomwa, hupasuka, na kuitengeneza ni ghali.

Kwa mtoto apendaye kufungua na kufunga, chukua la bati. Mimi ningedunduliza hata miaka miwili nipate moja la fedha.