Endi za kopi (zisizo jenuini) za stelingi ya trekta la Massey Ferguson 135

Stelingi ikicheza, wengi hukimbilia kulaumu boksi yake. Kwanza mwenzako atikise usukani huku umeshika kila endi, yaani jointi ya ncha ya fimbo ya stelingi: inayogonga mkononi ndiyo mbovu. Hizi endi za kopi zinazouzwa Dodoma mjini nyuzi zake ziko sawa, ila raba ni nyepesi mno; vumbi la Kongwa likipenya, grisi inageuka msasa. Chagua zenye tundu la kupigia grisi, tena badilisha zote 4 kwa mkupuo. Hesabu mizunguko unapofungua ya zamani, mpya uifunge kwa idadi hiyo hiyo, kisha pima nafasi kati ya tairi mbili za mbele: upande wa mbele wa tairi iwe ndogo kuliko upande wa nyuma, tofauti isizidi milimita 6. Bushi za kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) zikiwa zimelika, hapo umetupa hela, stelingi itaendelea kucheza. Kotapini, pini ya kuzuia nati isifunguke, haimo kwenye paketi, ulizia.