Presha kuka ya umeme lita 6: kwa maharage na makande mkaa nimeuacha

Kwa wenye haraka naanza na jibu, hii presha kuka inafanya kazi, kwa vitu vigumu inaliacha jiko la mkaa mbali sana na umeme haili kama watu wanavyotishana. Ila ina mambo yake na ntayasema yote maana ni hela ya mtu inatoka mfukoni.

Yangu ni ya lita 6, wati 1000, ya Kichina, nimechukua Kariakoo kwa laki na hamsini na kitu. Niko Tabata, nyumba ya kupanga. Kilichonisukuma ni mkaa. Sisi wa Dar mkaa wetu unatoka Kisarawe huko, Rufiji, Kilwa, Morogoro, sasa masika ikikolea barabara za vijijini hazipitiki, gunia linapanda bei, na mkaa wenyewe unafika umelowa, unapepea mpaka mkono unauma unapata moshi tu na watoto wanakohoa. Mwaka 2024 ndo ulitunyoosha kabisa, mvua za El Niño zilipiga mpaka Rufiji watu wakahama nyumba zao, tukasema zimeisha, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Na miaka miwili tu nyuma, 2022, ilikuwa kinyume chake, mvua hamna, mto Ruvu umepungua, tunapanga ndoo kwa mgao wa maji na umeme nao mgao. Yaani huku mjini mvua ikizidi unaumia na ikikosekana unaumia, na vyote unavikutia jikoni.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Mfuniko unafunga kabisa, mvuke hautoki, presha inapanda, kwahiyo badala ya maji kuchemka nyuzi 100 kama kwenye sufuria yanafika karibu 115 au zaidi, ndo maana chakula kinawahi. Presha ikishafika umeme unajikata wenyewe, joto likishuka unarudi kidogo, unakata tena, na kwa sababu pembeni imezibwa vizuri joto halipotei. Hapo ndo siri ya kutokula umeme, wati 1000 zimeandikwa lakini haziwaki muda wote, tofauti na lile jiko la koili ambalo linawaka mwanzo mwisho.

Maharage makavu bila kuloweka yanaiva kama dakika 40 mpaka 50, kwenye mkaa nilikuwa nakaa masaa mawili na zaidi. Makande saa moja hivi. Kongoro, utumbo, nyama ya ng'ombe mzee, hapo ndo utaipenda zaidi. Wali unaiva vizuri ila punguza maji, kwa sababu mvuke hautoki ukiweka maji ya kawaida unapata bokoboko.

Kuhusu LUKU nataka nieleze vizuri maana hapa ndo ugomvi ulipo. Sisi wapangaji tunachangia mita moja na nilipoingia na boksi tu mama wa chumba cha mbele akaniambia mwanangu hilo dude litatumalizia umeme wote. Nikamwambia shikamoo mama, njoo tuangalie mita pamoja. Tukasoma kabla, nikapika maharage ya sufuria nzima, tukasoma baada ya kuiva, haikufika hata nusu uniti. Uniti moja kwa tarifu ya kawaida ni kama 350 na kidogo, kwahiyo sufuria ya maharage haifiki shilingi 200, wakati mkaa wa kupima kwa maharage hayohayo siupati chini ya elfu na mia tano, ukiwa umelowa ni elfu mbili. Mama sasa hivi ananiletea choroko zake nimpikie. Wenye mita yao peke yao wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ndo wanafaidi zaidi, wanaopata ile tarifu ya chini uniti kwao ni kama mia tu na kidogo. Sisi wa kuchangia mita tarifu hiyo hatuioni kabisa na kiukweli hili linaniuma, maana wanaobanana vyumba vya kupanga ndo wenye kipato kidogo.

Isichofanya: chapati, samaki wa kukaanga, ugali wa kusonga ukakubali. Hivyo bado natumia gesi mtungi mdogo, ila mtungi unakaa muda mrefu sasa kwa sababu vitu vya kuchemka masaa vyote vimehamia huku. Umeme ukikatika katikati usifungue, acha hivohivo, joto la ndani linaendelea kupika kwa muda.

Na tunaposema umeme, wetu mwingi unatoka kwenye maji. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, na maji yake yanatoka Kilombero, milima ya Udzungwa, nyanda za juu huko. Misitu ya huko ikiisha, mvua ikinyesha maji yanashuka yote kwa mkupuo pamoja na tope, kiangazi mto unabaki mwembamba. Na hapa jirani angalia misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilivyonyofolewa kwa ajili ya mkaa wa mjini kwetu. Kila gunia ambalo hatulinunui ni miti imebaki inashika maji, na ikiwa ni miti ya kule juu ndo maji yanayogeuka umeme wa kupikia. Mimi hili nalichukulia kwa uzito kabisa.

Serikali imeshaweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya watu wawe wameacha kuni na mkaa, na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zimeshakatazwa. Vizuri sana. Ila mama ntilie anayenunua mkaa wa leo kwa hela ya jana atatoa wapi laki na nusu kwa mara moja? Duka nililonunua wanataka keshi yote, nikauliza kulipa kidogokidogo wakasema hawana huo utaratibu. Simu zinakopeshwa kwa malipo ya kila siku, sola zinakopeshwa, kwanini sufuria inayookoa mkaa isikopeshwe? Hapo dukani nawakata alama moja, na nyingine kwa kutotaka kuijaribu mbele yangu mpaka nilipokomaa.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aweke maji kidogo aiwashe uone mfuniko unashika na umeme unakata. Angalia plagi, nyingi zinakuja na zile pini za kwao na kiunganishi chepesi, mpe fundi akuwekee plagi ya pini tatu, na usichomeke kwenye ekstensheni za bei ya chini, zinayeyuka. Mwiko tumia wa mbao, wa chuma unachubua sufuria ya ndani. Ule mpira wa mfuniko unashika harufu ya kongoro, uvue uuoshe kila ukimaliza, na ununue wa akiba siku hiyohiyo maana ukichanika mvuke unatoka wote na kupata saizi yake baadae ni kuzunguka Kariakoo nzima.