Castell 9000: Penseli 12 za Kujifunzia Misingi ya Uchoraji

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikichora kwa seti ya penseli 12 za Castell 9000, ambazo hutengenezwa na kampuni ya Faber-Castell ya Ujerumani, na katika muda wote huo sikugusa rangi. Nilikusudia hivyo. Nilitaka kujifunza upya vitu ambavyo kila picha hujengwa navyo, yaani nukta, mstari, umbo, ujazo, toni, nafasi na hali ya uso wa vitu, kwa kuwa nilikwisha kutambua kwamba kila niliposhika brashi, uzuri wa rangi ulinifichia makosa ya mambo hayo mengine yote. Kwa hiyo nimekipima kisanduku hiki kwa swali moja tu: je, kinamfundisha anayekitumia kuona?

Penseli zenyewe ni za mbao, zenye pembe sita, na zimepakwa kijani kilichokolea. Katika kisanduku cha bati zimepangwa kuanzia 2H, ambayo ni ngumu na hafifu kuliko zote, hadi 8B, ambayo ni laini na nyeusi kuliko zote, huku HB ikiwa mpakani mwa ngumu na laini na F ikiwa baina yake na H. Mpangilio huu unatokana na ugunduzi wa zamani. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na haipati tena kwa urahisi grafaiti ya Uingereza, yaani madini meusi yanayoandika ndani ya penseli, Nicolas-Jacques Conté alipewa hataza ya njia ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuoka mchanganyiko huo. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake hufifia. Grafaiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Castell 9000 ilianza kuuzwa mwaka 1905, na sifa ninayoithamini zaidi ni kwamba hatua kutoka daraja moja hadi jingine inaonekana wazi karatasini, kiasi kwamba mkono hujifunza upesi tofauti ya B na 2B bila macho kutazama maandishi.

Katika mstari, penseli hizi ni hodari. H na 2H hudumu na ncha kali kwa muda mrefu, nazo zinafaa kwa mistari ya mwanzo ambayo baadaye itafunikwa au kufutwa, mradi mtu asizikandamize, maana zikikandamizwa huacha mfereji ambao kifutio hakiwezi kuuondoa. Raha hasa imo katika 4B. Ukiilaza kidogo na kuongeza uzito wa mkono upande ulio mbali na mwanga, kisha ukaupunguza upande wa mwanga, mstari mmoja usiokatika unaanza kueleza uzito wa kitu hata kabla hujatia kivuli chochote. Vitu tunavyovitazama havina mstari unaovizunguka. Vina kingo tu, mahali ambapo giza linakutana na nuru. Mstari wenye unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho humsahaulisha mchoraji jambo hilo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye toni, yaani kiwango cha weusi na weupe, na kwangu hii ndiyo sababu ya kukipendekeza kisanduku hiki. Zoezi lililonifunza zaidi ni la kuchora yai moja jeupe juu ya kitambaa cheupe, karibu na dirisha. Mara ya kwanza nililiacha yai karibu lote likiwa jeupe kama karatasi, kwa sababu nilijua kwamba yai ni jeupe, na likatoka bapa kama sarafu. Nilipolitazama upya kwa macho yaliyofumbwa nusu, niliona kwamba upande wake wenye kivuli ulikuwa na giza kuliko kitambaa kilichoangukiwa na mwanga, na kwamba weupe kamili ulibaki katika doa dogo tu, karibu na juu. Nikatumia 2H na H kwenye maeneo ya mwanga, 2B kwenye mkunjo wa yai ambapo nuru inaishia, na 6B kwenye kivuli kilichoangukia kitambaa pale yai lilipokigusa. Chini kabisa, ndani ya kivuli cha yai lenyewe, kulikuwa na utepe mwembamba wa mwanga uliorudi kutoka kitambaani. Nilipouacha utepe huo uwe hafifu kuliko mkunjo, lakini usifikie ung'avu wa upande wa dirisha, yai lilivimba na kuinuka kutoka kwenye karatasi.

Kwa kazi ya namna hii madaraja 12 hayazidi mahitaji. Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, alichapisha mfumo wake wa rangi mwaka huohuo wa 1905, akiichambua kila rangi kwa sifa tatu: aina yake, kiwango chake cha weusi na weupe, na ukali wake. Penseli hazigusi sifa ya kwanza wala ya tatu, lakini ile ya pili huifundisha kikamilifu. Anayeweza kusema bila kusita kwamba njano ya limau ina mwanga zaidi ya buluu iliyo kando yake, na kwa kiasi gani, hatapotea atakapofungua masanduku ya rangi.

Hali ya uso wa vitu hutegemea karatasi kama inavyotegemea penseli. 8B ikilazwa ubavu na kupitishwa taratibu juu ya karatasi yenye chembechembe, hushika kwenye vilele vyake na kuyaacha mabonde yakiwa meupe, na ukuta wa mawe au ganda la mti huanza kuonekana karibu bila juhudi. Georges Seurat aliitumia tabia hiyo ya karatasi kwa ustadi mkubwa katika michoro yake ya miaka ya 1880, ambayo mara nyingi haina mistari, ingawa yeye alitumia krayoni za Conté na si penseli kama hizi.

Upungufu upo. Grafaiti inapotiwa tabaka nyingi hung'aa, na mchoro ukitazamwa kutoka pembeni, maeneo meusi kabisa hugeuka kuwa ya fedha. Hiyo ni tabia ya grafaiti yenyewe, na 8B haiepuki. Mtu anayehitaji weusi mzito usiong'aa atumie makaa. Aidha, seti hii inaishia 2H, ilhali mfululizo kamili una madaraja 16 hadi 6H, jambo ambalo wachoraji wa ramani na majengo watalijali kuliko sisi wa vivuli.

Kwa anayeanza, ningeshauri asizifungue zote siku ya kwanza, bali achukue H, 2B na 6B tu kwa wiki kadhaa, na azichonge kwa kisu ili ncha iwe ndefu na ubavu wake uweze kutumika. 4B na 8B zitakuwa za kwanza kwisha. Nazo, kama zile nyingine zote, huuzwa pia moja moja.