Krita kwa sisi mashoto: nilivyoipanga upya

Mimi ni mashoto, na programu nyingi za kuchorea zimepangwa kana kwamba watu wa aina yangu hatupo. Kalamu ikiwa kushoto, mkono unaobaki kwenye kibodi ni wa kulia, huku vitufe muhimu vimerundikwa upande wa pili. Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini nang'ang'ania Krita, sianzi na bei, ingawa ni ya bure. Naanza na jinsi inavyokubali kupanguliwa.

Fungua menyu ya Settings, kisha Configure Krita, uingie Keyboard Shortcuts. Unatafuta amri kwa jina, unabonyeza kitufe unachotaka, basi. Kitufe kikiwa na kazi nyingine, inakuonya kwanza. Kifutio nimekitoa kwenye E nikakipeleka kwenye nuktamkato, na amri ya kutendua nimeiweka jirani yake. Vingine sikuvigusa: mabano ya mraba yanakuza na kupunguza brashi, I na O zinapunguza na kuongeza uzito wa rangi, K na L zinaitia giza au mwanga, M inageuza picha kama kwenye kioo. Vyote viko kulia! Kama waundaji wake walitufikiria au ni bahati tu, ahsante zao.

Skrini ya laptopu yangu ni ndogo, kwa hiyo paneli nimezifunga karibu zote, nikabakiza ya leya, yaani matabaka ya picha. Brashi nazipata kwa kitufe cha ubavuni mwa kalamu: duara linachomoza palepale ncha ilipo, brashi zimelizunguka, rangi ziko katikati. Nikitaka turubai peke yake, nabonyeza Tab.

Mpangilio wa paneli unauhifadhi kwa jina, kupitia kitufe kilicho kona ya juu kulia. Mimi ninao wa penseli na wa kupaka rangi. Ila usitarajie ukumbuke na njia za mkato za kibodi. Zile zina faili lake. Na hapa ndipo ninapowakata maksi: mipangilio imetawanyika mno. Mandhari, yaani rangi za dirisha la programu, yamo kwenye menyu, vitufe vya juu vina dirisha lao, kalamu ina ukurasa wake. Mgeni atahangaika.

Kuhusu mandhari, wengi hukimbilia nyeusi. Nachora watoto kwa ajili ya vitabu vya kuchapwa, na ngozi ya maji ya kunde ikizungukwa na weusi huonekana nyeupe kuliko ilivyo. Ukiiweka kwenye karatasi nyeupe, inazama. Nimechagua kijivu cha kati, na kwenye ukurasa wa Display nikabadili hata rangi inayozunguka turubai ifanane nacho.

Wenye mkono mwepesi, nendeni Tablet Settings mwinue kidogo mstari wa mkandamizo katikati. Kalamu ya bei nafuu itaanza kutii bila kuikandamiza.

Kabla ya kuifuta Krita au kuhamia kompyuta nyingine, nakili faili la mipangilio liitwalo kritarc (njia za mkato zina lake, kama nilivyosema): kwenye Windows liko ndani ya AppData, folda ya Local, kwenye Linux liko ndani ya folda ya .config. Na ukishavuruga kila kitu, iwashe Krita huku umeshikilia Shift, Ctrl na Alt kwa pamoja. Itakuuliza kama unataka kufuta mipangilio yote uanze upya.