Madoa sugu kwenye siti za ngozi na vinili: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Gari linalofanya kazi kati ya Mbeya, Tukuyu na Kyela halikai safi. Kuanzia Novemba hadi Aprili kila abiria anapanda na tope lake. Mkungu wa ndizi unadondosha utomvu, dumu la mawese lisilokazwa kifuniko linaacha duara la rangi ya chungwa, na kalamu iliyo mfuko wa nyuma inachora mstari wa bluu. Mwenye gari anaingia duka la spea Mwanjelwa, anaomba dawa ya siti, anapewa kopo lenye picha ya gari linalong'aa. Mara nyingi ndani ya kopo hilo mna silikoni: siti inang'aa, na doa linabaki pale pale chini ya mng'ao. Hela hiyo inaniuma hata isipokuwa yangu, ndiyo maana nimeipanga orodha hii kwa kuanza na kinachostahili kununuliwa kabla ya vingine.

Kwanza ijue siti yako. Siti nyingi zinazoitwa za ngozi zina ngozi halisi pale pa kukalia na kuegemea tu. Ubavuni na mgongoni ni vinili, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Chungulia chini ya siti, kwenye ukingo uliokunjwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosimama upande wa ndani, vinili ina kitambaa kilichofumwa. Kisha dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likijikusanya juu bila kuzama, siti ina tabaka la rangi linaloilinda na unaweza kuisafisha mwenyewe. Likizama na kuacha kivuli, hiyo ni ngozi isiyopakwa kitu. Usiiguse kwa sabuni yoyote, mpelekee fundi wa ngozi.

1. Brashi laini na vitambaa vyeupe vya maikrofaiba

Naviweka juu ya chupa zote, na sitarudi nyuma kwa hilo. Weusi unaouona kwenye siti ya dereva kwa kawaida ni jasho, mafuta ya mwili na vumbi vilivyoshindiliwa kwenye vishimo vidogo vya ngozi. Kitambaa kinapita juu ya vishimo, brashi inaingia ndani. Brashi mpya ya kung'arishia viatu, yenye manyoya laini, inatosha kabisa. Ya kufulia nguo ni kali mno. Vitambaa viwe vyeupe ili uone uchafu unavyotoka, na ili visiachie siti rangi yao.

2. Dawa ya maji ya kusafishia ngozi

Kama siti ni ngozi halisi, hapa usibane hela. Ngozi halisi iliyosindikwa kiwandani ina asidi kidogo, wakati sabuni ya mche na ya unga zina alkali, na alkali ikirudiwa mara kwa mara huikausha ngozi na kuidhoofisha. Kwenye lebo tafuta dawa yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) isiyozidi 7, iliyotajwa kuwa ni ya ngozi ya gari. Ikisema inafaa na vinili, chupa moja inahudumia siti nzima. Usichanganye na ile ya kulainisha ngozi. Hiyo inafuata baada ya usafi.

Nyunyizia kwenye brashi, si kwenye siti. Sugua sehemu ndogo kwa kuzungusha, futa povu kabla halijakauka, ndipo usogee. Maji yakizidi yanapita kwenye mishono na kufikia sponji la ndani, na kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu sponji hilo halikauki upesi. Kinachofuata ni kuvu, na harufu ya kuvu ni ngumu kuiondoa kuliko doa lenyewe. Siti zenye vitundu zinahitaji uangalifu zaidi.

3. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo

Kwa vinili tupu, hii ndiyo namba mbili yako, na huna haja ya chupa maalumu. Kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, brashi ile ile, kisha pitisha kitambaa chenye maji safi mpaka utelezi uishe. Zile za kupimiwa mtaani kwenye chupa za maji ya kunywa hazilingani nguvu, kwa hiyo zijaribu pembeni kwanza.

Kwa mawese yaliyomwagika sasa hivi, nyunyizia unga wa sembe uyanyonye kabla ya sabuni. Rangi ya chungwa ikibaki kwenye vinili, liache gari juani milango wazi. Mwanga huifubaza rangi hiyo taratibu.

4. Sponji jeupe la melamini

Linauzwa kavu, ukililowanisha na kulikamua linafuta rangi ya jinzi na michubuko ya viatu vizuri sana. Linafanya hivyo kwa kukwangua, kama msasa laini kabisa. Kwenye vinili litumie bila kukandamiza. Kwenye ngozi mara mbili tatu tu, pale sabuni iliposhindwa.

5. Spiriti ya duka la dawa, asilimia 70

Ni ya wino, basi. Lowesha pamba kidogo, gusa mstari, geuza upande safi, gusa tena. Pamba ikianza kuchukua rangi ya siti, acha hapo hapo, kwa sababu tabaka la juu limeanza kuyeyuka. Wahi siku ile ile, maana wino huzama kwenye plastiki kadiri unavyokaa.

Utomvu wa ndizi nauweka peke yake. Ukiwa mbichi hauna rangi na unafutika kwa sabuni. Ukishapigwa na hewa unakuwa kahawia, na katika orodha hii hakuna kitakachoutoa wote. Anayebeba ndizi za Rungwe kila wiki anunue turubai la kutandika kabla ya kununua dawa yoyote.

Petroli na thina viache. Vinaondoa vilainishi vilivyomo kwenye vinili, siti inakuwa ngumu kisha inapasuka. Jik inadhoofisha nyuzi za mishono. Silikoni ya kung'arisha ni mbaya zaidi kwa siti ya dereva kwa kuwa inateleza, na siku fundi akitaka kupaka rangi upya, rangi haishiki.

Baada ya usafi, ngozi halisi ipake krimu nyembamba isiyo na mafuta mazito. Vaseline inanasa vumbi. Vinili inahitaji tu kinga ya jua, na Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, jua linachoma plastiki hata siku ambayo wewe umevaa koti.

Ukipeleka gari kwa waosha magari, uliza watatumia nini kwenye siti. Wakikuonyesha ndoo ya sabuni ya unga waliyooshea matairi, wape chupa yako na brashi yako, kijana wa pale atavitumia vizuri ukimwelekeza.

Na pale ambapo rangi ya siti imeshachubuka mpaka ngozi inaonekana, usinunue dawa ya kusafishia. Hela hiyo mpe fundi wa siti apake rangi upya au abadilishe kipande kile kimoja.