Kuhami fitingi za tangi la maji moto: kipi ununue kwanza

Tangi la kuhifadhi maji moto huja na kihami joto cha kiwandani, lakini fitingi zake, yaani shingo za mabomba, yuniani (maungio yanayofunguliwa kwa nati), vali na flanji (sahani za kuungania kwa bolti), huachwa wazi, na joto hutoroka hapo usiku kucha. Bomba la shaba la mm 22 lenye maji ya 60°C, katika chumba cha 20°C, hupoteza takriban wati 30 kwa kila mita. Vali yenye flanji inaweza kupoteza karibu sawa na mita nzima ya bomba. Bajeti ikiwa ndogo, anzia juu ya tangi, maana maji yenye joto kali hukaa huko.

Kabla ya kununua, pima kipenyo cha nje: zungusha uzi, kisha gawanya urefu wake kwa 3.14. Usitegemee jina la bomba, kwani bomba la chuma la "inchi moja" lina kipenyo cha nje cha karibu mm 34. Jua pia joto la juu kabisa la mfumo wako. Boila ya kuni au paneli za jua hupandisha joto kupita lile linaloonekana kwenye thamostati ya tangi.

1. Shiti ya povu la mpira, unene wa mm 19 hadi 25

Hili ndilo chaguo letu la kwanza. Hujipinda kufuata umbo la fitingi, na vijishimo vyake vimefungika, hivyo unyevu haupenyi kirahisi. Chagua aina ya EPDM (mpira wa sintetiki unaostahimili joto zaidi) ikiwa joto linapita 100°C. Povu la nitrili, aina nyingine ya mpira wa sintetiki, huishia karibu 105°C, na ni afadhali lisifanye kazi kwenye ukomo wake. Kwa tangi lenye maungio manne hadi sita, mita moja ya mraba, nusu lita ya gundi ya povu hilohilo na roli moja ya utepe wa mpira kwa kawaida hutosha.

Zima mfumo na uache upoe. Kagua kila ungio kwa kitambaa kikavu. Tone dogo likifichwa chini ya povu litakula chuma kimyakimya. Futa mafuta. Pima mzingo kwa kipande cha shiti yenyewe, si kwa uzi, kwa sababu unene huongeza mzingo wa nje. Usivute shiti ili ifike: mshono uliovutwa huachia. Paka gundi pande zote mbili, subiri isinate kwenye kidole, kisha bana kwa nguvu. Kwenye kona kata vipande viwili kwa nyuzi 45. Usiwashe joto kabla ya saa 36, maana kuachia kwa mishono mara nyingi huanzia kwenye haraka hii. Nje ya nyumba povu hupasuka kwa jua, kwa hiyo lipakwe rangi iliyotengenezwa kwa povu hilo au lifunikwe kwa bati la alumini.

2. Koti la kuvulika

Kwa vali, kichujio na pampu, yaani chochote fundi atakachofungua, nunua koti lenye mikanda. Ni ghali kuliko shiti, lakini shiti iliyokatwa kila matengenezo huishia kutupwa. Kwenye pampu funika sehemu inayopitisha maji tu. Mota na kisanduku cha umeme viachwe wazi vipate hewa.

3. Sufu ya mwamba yenye ganda la alumini

Hustahimili joto kali kuliko povu lolote hapa, hivyo inafaa karibu na boila ya kuni. Udhaifu wake ni maji: ikilowa haihami, na hushikilia unyevu juu ya chuma. Ziba kila mshono kwa utepe wa alumini, na vaa glavu na barakoa unapoikata.

4. Mirija ya povu la poliethilini

Rahisi, nyepesi, na nzuri kwa bomba lililonyooka lenye maji yasiyozidi takriban 90°C. Kwenye fitingi huacha mapengo, na joto kali huisinyaza hadi mishono ifunguke.

Povu la kupuliza la kopo usilinunue kwa kazi hii. Huganda juu ya yuniani, na kuifungua baadaye ni kubomoa.

Usifunike kamwe mdomo wala kishikio cha vali ya usalama, tundu la kutolea hewa, thamostati, wala kifuniko cha hita ya umeme. Mfuko wa kihisi joto (kijitundu cha tangi kinamoingizwa kipimajoto), kinyume chake, ufunike: kihisi husoma joto la maji vizuri zaidi kisipopozwa na hewa ya chumbani.

Baada ya kazi, acha saa kadhaa bila kutumia maji, kisha ingiza kidole chini ya kihami cha bomba la maji moto, nusu mita juu ya tangi. Bomba likiwa bado la moto, maji yanazunguka ndani yake yenyewe: ya moto hupanda katikati, yaliyopoa hurudi kando. Kihami hakizuii hilo. Fundi aweke kwenye bomba kitanzi kinachoshuka sm 18 hadi 22 kwa bomba la mm 22 kabla halijapanda tena, nacho kihamiwe vivyo hivyo.